Picha ya Marudio

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kwenye baraza moja na studio ya Emerensiana, Maisaka, na kati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Akikohoa nasikia. Akimgombeza mteja aliyefumba macho nasikia. Kwa hiyo asitokee mtu wa kuniuliza nimeyajuaje haya. Mengine yalipita kwenye mbao, mengine aliniambia mwenyewe huku analia juu ya vitambaa vya wateja wangu, na ya mwisho niliyaona kwa macho.

Mtaani anaitwa Mama Vicent. Alishuka kutoka kwao Mbulu akiwa binti, kuja kumsaidia shangazi yake kazi za nyumbani. Shangazi huyo alikuwa mpiga picha wa enzi za filamu, mwanamke mkali aliyeamini kwamba kuikosa picha ni dhambi. Akamrithisha kamera pamoja na ile imani. Tangu hapo Mama Vicent amepiga harusi, kipaimara, mahafali na misiba ya nusu ya mji huu, na kama umewahi kufunga ndoa Babati unaijua tabia yake. Pete ikishaingia kidoleni, yeye huinua mkono. "Samahani Baba, naomba warudie kidogo, taratibu." Bwana harusi anaivua pete, anaivisha tena, anatabasamu. Padri mmoja aliwahi kumwuliza kama na kiapo nacho kirudiwe, maana yeye hajui ni ndoa ipi kati ya hizo mbili itakayohesabika mbinguni. Watu walicheka, naye alicheka, lakini pete ilirudiwa. Mimi sikuona ubaya. Watu wanataka picha nzuri, basi.

Lakini kilichompa jina ni ziwa, si harusi.

Kila mwaka mvua zikiisha kuna mashindano ya mitumbwi kwenye ziwa letu. Wavuvi wanashindana kutoka ng'ambo mpaka upande wa mji, na watu tunajaa ufukweni na watoto na mishikaki. Asiyejua hudhani kuupiga picha mtumbwi ni kazi ndogo, si kitu kikubwa tu kinachokuja? Ajaribu. Mtumbwi uko mbali, mbali, halafu umeshapita, na simu yako imekamata mgongo wa mtu na maji. Mama Vicent alijifunza kwa miaka. Alinunua lenzi ndefu ya mtumba, akawa anakaa kwenye benchi langu kupiga picha bodaboda zinazopita barabarani. Anazifuata kwa kiwiliwili chote, kuanzia kiunoni, mikono haitikisiki. Madereva wakadhani ni trafiki aliyevaa kiraia, wakaanza kuvaa helmeti. Ziwani hulala kifudifudi kwenye tope, amejifunga kanga iliyochakaa, lenzi ameilaza juu ya kimfuko cha mbaazi ili isicheze. Huchagua mahali mapema, huuacha mtumbwi uje wenyewe mpaka hapo, ndipo anabonyeza. Kwenye picha zake kila tone limesimama hewani na unaweza kuona mtu gani ameuma meno.

Mchora vibao akamwandikia juu ya mlango: MAMA VICENT HAKOSI. Hakumwagiza aandike hivyo. Lakini hakumwambia afute pia, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwaka jana fainali ilikuwa kati ya mitumbwi miwili. Mmoja ulikuwa wa Melkiadi wa Singe, mtu mzima, mkulima wa mahindi na mbaazi ambaye shamba likipumzika huingia ziwani kuvua perege. Mtumbwi wake ulikuwa wa gogo moja, umechongwa na baba yake, mweusi kwa uzee. Mwingine ulikuwa wa Sadock, kijana wa hapa kwetu Maisaka, mwenye mabega na kelele. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, limefungwa pale pale ufukweni likitutazama kwa dharau. Zaidi ya hapo, kamati ilikuwa imeamua kwamba picha ya mshindi akivuka mstari ndiyo itakayokaa kwenye kalenda ya mwaka unaofuata, na kila mtu alijua nani ataipiga. Mstari wenyewe ulikuwa miti miwili yenye vitambaa vyekundu, mmoja umesimikwa majini, mwingine ufukweni. Mama Vicent alilala chini ya ule wa ufukweni.

Mitumbwi ilikuja imelingana. Hapo ndipo tamaa ilipomwingia. Yeye ambaye siku zote husubiri, safari hii alianza kubonyeza ingali mbali, akashikilia kitufe bila kuachia, maana alitaka kila pigo la kasia. Kamera ina tumbo kama sisi. Likijaa, inabidi imeze kwanza ndipo ifungue mdomo tena. Taa nyekundu ikawaka, kamera ikaganda. Alibonyeza, wapi. Akainua kichwa kutoka kwenye lenzi, na kwa macho matupu, kutoka mahali pazuri kuliko pa mtu mwingine yeyote siku ile, akaona mtumbwi mweusi wa Melkiadi ukivuka kwanza, kwa urefu wa mkono. Picha ya hilo hakuwa nayo.

Akafanya anachofanya kanisani. Alinyanyuka na tope lake tumboni, akamfuata mwenye kipaza sauti, akaomba wapiga kasia warudie pale mwisho kwa ajili ya kalenda, akisingizia kwamba jua lilimkaa vibaya. Hakuna aliyeshangaa. Nani Babati hajarudishwa na Mama Vicent? Melkiadi alikuwa ameshakumbatiwa na mkewe Kandida na ameshakunywa maji. Akarudi mtumbwini na vijana wake, wote wanacheka. Watu wengi wakageukia mishikaki, mimi mmojawapo. Mitumbwi ikarudi nyuma kidogo, ikaja tena. Melkiadi akapiga kasia kwa madaha huku akiwapungia watu. Sadock, mwenye hasira mbichi ya kushindwa, akapiga kwa nguvu zote, akatangulia. Na Mama Vicent, safari hii kwa nidhamu, akakamata kila kitu. Aliniambia ni moja ya picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Hilo nalo linamuuma.

Wakati wa kutoa zawadi, mwamuzi akatangaza Melkiadi. Bahati mbaya, mwamuzi huyo ni shemeji yake Melkiadi. Kelele zikaanza. Watu wa kwetu Maisaka, ambao wengi wetu tulikuwa tumeona visogo vya wenzetu tu, tukasema tumeona kabisa Sadock ametangulia. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Sosthenes, ni mtu anayependa amani kuliko anavyopenda chakula. Akainua mikono.

"Jamani, tusigombane. Picha ipo. Mama Vicent, ile ya mwanzo umeipata?"

Neno lenyewe ni fupi. Hapana. Mtoto anaweza kulisema. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na mgeni rasmi alikuwa anamtazama, na yeye ni Hakosi.

"Nimeipata," akasema.

Akaombwa aionyeshe. Vidole vyake vikaitafuta picha, vikaikuta ile ya marudio. Pua ya mtumbwi wa Sadock imepita mti, ya Melkiadi bado. Vichwa vikasongamana juu ya kile kioo kidogo. Melkiadi akapenya, akatazama.

"Hii ni ya marudio, Mama Vicent. Mimi hapa nacheka. Ile ya kwanza nani alikuwa na muda wa kucheka?"

"Ni ya marudio?" akauliza Mzee Sosthenes.

"Hapana, Mwenyekiti. Ni ya mwanzo. Za marudio hazikutoka vizuri, nimezifuta."

Sadock alijua. Vijana wake wote walijua. Walitazama maji. Melkiadi aliishika ile kamera kwa mikono miwili, akaitazama picha kwa muda mrefu, nami nilikuwa nyuma yake nikitamani aharakishe, maana nilikuwa na suruali za watu za kupunguza. Kisha akairudisha kwa mwenyewe kwa adabu, akamwita mkewe, wakaondoka. Dume likaja Maisaka. Nilikula nyama yake, na ilikuwa laini.

Mama Vicent alijiambia ni ng'ombe tu. Aliniambia hivyo ndivyo alivyolala usiku ule, kwa kujiambia ni ng'ombe tu, na Melkiadi ana ng'ombe wengine. Lakini kalenda zikatoka. Ukienda kununua dawa, Sadock yuko ukutani na Melkiadi nyuma yake anacheka. Ukienda kusuka nywele, wapo. Ukienda ofisi ya parokia kuandikisha misa ya marehemu, wapo, na paroko anakusifu kwa mkono mzuri. Mama Vicent akaanza kununua dawa kwa kumtuma mtu. Kanisani, wakati wa komunyo, badala ya kwenda kupokea aliinama akashughulika na lenzi ambayo haikuwa na tatizo lolote. Alikwenda kuungama, akaungama hasira na kusengenya, akarudi na dhambi yake nzima kama alivyokwenda nayo.

Mimi nilikuwa naona mambo ya ajabu tu bila kujua chanzo. Binti wa Melkiadi alipopata kipaimara, Mama Vicent alikwenda Singe bila kuitwa, akapiga picha siku nzima, akazitia kwenye fremu, akazipeleka mwenyewe, na hakutaka hata soda. Nikamwambia, "Umeanza ukarimu, au unazeeka?"  Kwenye harusi akaacha kuinua mkono. Bibi harusi mmoja alimwomba mwenyewe, "Mama, turudie pete, hii nimefumba macho," akakataa kabisa, kidogo wagombane mbele ya altare. Kisha nikafika asubuhi moja nikakuta kibao cha Hakosi kimeng'olewa. Aliniambia rangi imebanduka. Mimi na rangi tunajuana, na ile ilikuwa nzima.

"Mama Vicent," nikasema, "tatizo ni nini?"

Ndipo akaja upande wangu, akakaa kwenye rundo la sare za shule, akaniambia yote. Alilia mpaka ikabidi nizifue zile sare upya. Na mimi sikumbembeleza. Nilikasirika. Nilimwambia afunge studio sasa hivi, apande bajaji aende Singe akamwambie yule baba ukweli. Akasema atakwenda Jumapili. Jumapili ikafika, mvua. Nyingine, harusi. Nyingine, watu wa Singe wote wako mashambani wanavuna mbaazi, atamkuta nani? Mtu mwenye hatia hakosi udhuru. Nikachoka kumkumbusha, nikaendelea kushona, na kunyamaza kwangu huko nako sijui nikuweke wapi.

Basi wakaja wao.

Ilikuwa asubuhi, sijatoa hata kifuniko cha cherehani. Nikaona Kandida anapanda ngazi za baraza, na nyuma yake Melkiadi, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola imesimama. Kandida alikuwa amemshika mkono wa shati kama unavyomshika mtoto mbele ya barabara. Tukasalimiana. Wakaingia upande wa pili.

"Shikamoo, Baba Nestory," nikamsikia Mama Vicent akimsalimu Melkiadi. 

"Marahaba. Hujambo, mama."

"Tunaomba zile picha ndogo," akasema Kandida. "Za bima. Tunampeleka hospitali kubwa, Dodoma, wakampime kichwa."

"Kichwa kinauma?"

Kandida akashusha sauti, lakini mbao ni mbao. "Hakiumi. Ndiyo hivyo, dada. Umri."

"Usimfiche," akasema Melkiadi. "Mama Vicent ndiye aliyenisaidia kujua."

Nikasikia kigoda kikisogezwa, akakaa mbele ya kile kitambaa cheupe. Alizungumza polepole, na Kiswahili chake kina uzito wa milimani, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua lingine.

"Siku ile ya mitumbwi mimi nilikuwa tayari kuapa. Niliona ule mti umepita begani kwangu na Sadock bado yuko nyuma. Niliona wazi, kama ninavyokuona wewe hapo. Halafu wewe ukanionyesha picha. Nikaenda nyumbani, nikafikiri sana. Nikasema, huyu mama nimemkosea nini hata anidanganye? Hakuna. Vijana wangu na shemeji walisema tulishinda, lakini nikaona wananifariji tu. Basi aliyedanganya ni kichwa changu. Baba yangu alianza hivi hivi. Alikuwa anasema ng'ombe wamerudi, na ng'ombe hawajarudi. Anakuambia nimewaona wanaingia zizini. Mwisho alituita sisi kwa majina ya ndugu zake waliokufa. Mtu akianza kuona kisichokuwepo, hafai kuwa ziwani kwenye viboko, na watoto wa watu wamo mtumbwini mwake. Kwa hiyo nimeacha. Wengine wangenionea aibu wakaninyamazia. Wewe ulisema mbele ya watu. Asante."

"Na mtumbwi?" Sauti ya Mama Vicent sikuitambua.

"Tuliukata katikati," akasema Kandida. "Ni hori sasa, ng'ombe wananywea. Alisema akiuona mzima atatamani."

 Nilingoja nisikie kamera. Nilichosikia ni mtu kukaa sakafuni, puu, kama gunia. Nikatoka upande wangu nikasimama mlangoni kwao, na wala sikupiga hodi.

Mama Vicent alikuwa amekaa chini mbele ya kigoda, miguu ameinyoosha, kamera mapajani. "Baba Nestory," akasema, "ulishinda."

Melkiadi akainama amsikie vizuri.

"Ile picha ni ya marudio. Ya mwanzo sina. Kamera iliganda, nikaona aibu, nikasema uongo. Ulishinda. Kichwa chako hakina kitu chochote. Nimekudanganya mimi."

Nilitegemea apigwe. Yeye mwenyewe, nadhani, alitegemea, maana alikuwa ameinua uso na hakujikinga kwa mkono. Melkiadi hakusogea. Aliuliza kama hakimu.

"Mti aliupita nani kwanza?"

"Wewe. Kwa urefu wa mkono."

"Uliona kwa kamera?"

"Kwa macho. Niliona kwa macho yangu haya."

"Na kwenye picha nacheka kwa sababu yalikuwa marudio."

"Ndiyo, Baba."

"Nilisema," akasema Melkiadi, si kwetu, ni kama anakiambia kile kitambaa. "Nilisema nacheka."

Ng'ombe hakumtaja. Akaweka viganja juu ya kichwa chake, akavibonyeza, kama mtu anayepima tikiti sokoni, na machozi yakamtoka bila sauti. Kandida ndiye aliyekuwa amesimama bado, mkoba kifuani. Alichelewa kuelewa kuliko sisi wengine, na alipoelewa, alijilaumu yeye mwenyewe kwanza.

"Mimi ndiye niliyemwambia akubali," akasema. "Alikataa, dada. Wiki nzima alikataa. Nikamwambia, Baba Nestory, picha haina undugu na mtu. Nikamwambia yamekupata ya mzee. Namtuma mtoto amfuate shambani. Nimeficha viberiti. Akiniambia jambo, namwuliza jirani kama ni kweli, na yeye yupo, anasikia." Akapumua. "Afadhali ungechukua ng'ombe wangu wote, Mama Vicent. Ungekuja na gari ukawabeba wote."

Mama Vicent hakuomba msamaha pale. Nilimwuliza baadaye kwa nini, akasema neno lile lilikuwa dogo mno kwa kosa lake, aliona aibu kulitoa.

Melkiadi alikuwa na ombi moja tu. Alitaka aende naye nyumbani Singe akayaseme yale yale mbele ya watoto na majirani, maana wao ndio wanaomlinda kama ndama. Tukafunga, mimi pia, sikuweza kubaki. Bajaji ilipokuwa inatafutwa Mama Vicent akampigia Mzee Sosthenes simu, akamwambia kila kitu. Mzee akasema mambo yamepita, kalenda ziko ukutani, ng'ombe kaliwa, ya nini kukoroga maji yaliyotulia? Mama Vicent akamjibu kwamba Jumapili baada ya misa atasimama mlangoni pa kanisa aseme mwenyewe, Mwenyekiti apende asipende. Alisimama kweli, na tangu hapo wapo wanaopeleka harusi zao kwa wapiga picha wengine. Hajalalamika.

Singe tulikuta watu wa kutosha, na simu zilipopigwa wengine wakaja kutoka mashambani na majembe yao. Kaka yake Melkiadi alikuja, vijana aliopiga nao kasia walikuja, na yule binti wa kipaimara alitoa benchi nje. Pembeni mwa zizi nikaliona hori. Nusu ya mtumbwi, mweusi, upande uliokatwa umezibwa kwa mbao na saruji, na ndani yake maji yana majani. Mama Vicent aliliona, akageuka upande mwingine, akajilazimisha kugeuka tena akalitazama. Kisha akasimama mbele ya wale watu akasema. Hakujitetea popote. Alisema kamera, akasema marudio, akasema uongo, akasema nani alivuka mti kwanza. Kulikuwa na minong'ono mibaya, na bibi mmoja akatema mate chini kwa sauti, na ilikuwa haki yake.

Lakini vijana walifurahi. Walimrukia Melkiadi, wakamtikisa mabega. Kaka yake akasema, kwa Kiswahili ili sisi wageni tusikie, "Sasa hadithia wewe mwenyewe. Tuambie ulivyomshinda yule mtoto wa Maisaka."

Watu wakakaa. Melkiadi akasimama katikati ya uwanja, akashika fimbo kama kasia. Alikuwa amenyooka kuliko nilivyomwona asubuhi. Nilimwona Mama Vicent akimtazama kwa hamu ya mtu anayengoja mgonjwa aamke.

"Tulikuja tumelingana," akasema Melkiadi. "Nikaona mti. Nikawaambia hawa vijana, sasa. Nikatia kasia upande wa kushoto." Akapiga hewa kwa fimbo. Akasita. Akamtafuta mkewe kwa macho. "Ni kushoto, Mama Nestory?"

"Kushoto," akasema Kandida haraka. "Ilikuwa kushoto, Baba Nestory."

"Kushoto. Mtumbwi ukaruka. Sadock nikamwona yuko hapa, nyuma ya bega langu." Akasita tena, akageuka kwa Mama Vicent. "Alikuwa nyuma, siyo?"

"Alikuwa nyuma."

"Halafu mti ukapita. Nilikuwa sijacheka bado." Akatutazama wote, mmoja mmoja, watoto wake pia. "Sijacheka bado, au?"

Tukamjibu kwamba alikuwa hajacheka. Akaendelea hivyo mpaka mwisho, anasema maneno machache, anashusha fimbo, anatuuliza sisi tuliokuwa ufukweni kama ndivyo ilivyokuwa.